Ubuyu wa Mdomoni na Ubuyu wa Simuni

Siku hizi neno ubuyu lina maana mbili. Upo ubuyu wa zamani, mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari, rangi na iliki, ambao watoto huununua gengeni wakarudi na midomo myekundu. Na upo ubuyu wa vijana wa mjini, yaani habari za chini chini za wasanii: nani kaachana na nani, nani kahongwa gari. Jioni zote mbili huliwa pamoja. Simu iko mkono mmoja, karanga au bisi mkono wa pili, na kwenye televisheni inaendelea tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili.

Hatuandiki ili kukataza burudani. Sisi wauguzi nasi tunafuatilia tamthilia, na siku ya Simba na Yanga hata wodini watu huulizana matokeo. Wala kutafuna huku unatazama si jambo jipya. Wamarekani walizoea kula bisi katika majumba ya sinema tangu miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya fedha, kwa sababu bisi zilikuwa rahisi. Shida yetu ni moja: macho ya wote yakiwa kwenye picha, ni nani anayemtazama mtoto anayetambaa mkekani akiokota karanga zilizodondoka?

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili magego yake hayajakamilika, na njia yake ya hewa ni nyembamba sana. Tena hula huku anacheka na kukimbia. Karanga nzima, mbegu ya ubuyu, bisi na pipi ngumu humpalia kwa urahisi. Asipewe vitu hivyo kabla ya kutimiza miaka mitano. Karanga mtwangie ziwe laini, mtie kwenye uji. Ndizi mbivu na kiazi kitamu kilichopondwa vinamfaa. Zabibu za Dodoma ni tamu, lakini kwake zikatwe kwa urefu vipande vinne.

Karanga inayotuhangaisha zaidi ni ile iliyopita kimya kimya. Mtoto hukohoa sana kwa dakika chache, kisha hutulia, nao watu wazima hurudi kwenye tamthilia yao. Kumbe karanga imeingia kwenye bomba la pafu. Baada ya siku kadhaa huja homa, kikohozi na pumzi inayopiga filimbi. Hutibiwa nimonia, hupata nafuu kidogo, kisha hali hurudi ile ile. Picha ya eksirei mara nyingi haiionyeshi karanga yenyewe. Kwa hiyo mama, baba, bibi, yeyote aliyemleta, aseme wazi: “Alipaliwa akila karanga.” Kwa neno hilo daktari atajua kumpeleka hospitali kubwa, ambako huitoa kwa chombo chembamba chenye taa.

Katika simu pia huzunguka mafundisho ya ajabu: mnyanyue mikono juu, mpe maji, mmezeshe tonge la ugali, mning’inize miguu juu. Msiyafuate. Maji na ugali huweza kuziba kabisa nafasi ndogo iliyobaki.

Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, mkae naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kusema, msisubiri gari. Mmoja aite msaada, mwingine aanze. Mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisha, kama amepita mwaka mmoja, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu mara tano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hakandamizwi tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano. Kisha mgeuze, umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia kwa zamu. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani.

Njia hii ya tumbo aliitangaza daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 96, katika nyumba ya wazee aliyoishi huko Cincinnati, aliitumia kumwokoa bibi mmoja aliyepaliwa na kipande cha nyama mezani. Mzee huyo alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo.

Kitu kikitoka na mtoto akaanza kucheka, bado mleteni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kukandamizwa tumbo huweza kuumiza viungo vya ndani. Na kama mmekiona kilichotoka, kifungeni kwenye karatasi mje nacho.