Wanawake Waanzilishi wa Elimu ya Gorila katika Milima ya Virunga

Utangulizi

Mtu aliyeko Goma akitazama kaskazini asubuhi isiyo na mawingu huiona Nyiragongo, na kuliani kwake kilele chenye ncha cha Mikeno (meta 4,437) na mgongo mpana wa Karisimbi (meta 4,507). Katika historia ya sayansi milima hii inajulikana kwa volkeno zake na kwa gorila wa mlimani, ambao kwa Kinyarwanda huitwa ingagi. Makala haya yanahusu hao gorila, na yanakusudia kuonyesha kwamba elimu juu yao ilijengwa kwa sehemu kubwa na wanawake, ambao si wote waliopewa nafasi wanayostahili katika vitabu.

Kabara, 1926

Baina ya Mikeno na Karisimbi pana uwanda mdogo uitwao Kabara. Mwaka 1925 eneo hilo liliingizwa katika Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Mbuga ya Taifa ya Virunga. Mmarekani Carl Akeley, mmoja wa waliopigania kuanzishwa kwa mbuga hiyo, alifariki Kabara tarehe 17 Novemba 1926 akiwa katika safari ya utafiti, akazikwa papo hapo. Mkewe, Mary Jobe Akeley (1878–1966), hakuwa mgeni wa kazi kama hizo, kwani hapo awali alikuwa amekwisha kusafiri na kuchora ramani katika milima ya magharibi ya Kanada. Baada ya mazishi hakukata safari. Aliiendeleza kazi iliyobaki, akapiga picha na kukusanya mimea kwa ajili ya jumba la makumbusho ya maumbile la New York. Hata hivyo, kitabu alichokitoa mwaka 1929 kuhusu safari hiyo kilibeba katika anwani yake jina la mumewe.

Muhavura, 1956–1957

Miaka thelathini baadaye, Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyekuwa Nairobi, alitaka gorila wachunguzwe wakiwa hai msituni. Wa kwanza kwenda alikuwa Rosalie Osborn, aliyekuwa katibu wake. Kuanzia Oktoba 1956 Osborn alifanya kazi kwenye mteremko wa Muhavura, upande wa Uganda, akitokea katika hoteli ya Walter Baumgärtel iliyokuwa Kisoro. Mapema mwaka 1957 alipokewa na Jill Donisthorpe, aliyeendelea hadi Septemba. Walichunguza vyakula, viota na mienendo ya gorila kwa kufuata alama walizoziacha. Donisthorpe alichapisha matokeo yake mwaka 1958, na Osborn mwaka 1963.

Utafiti maarufu wa George Schaller huko Kabara ulianza mwaka 1959. Kwa hiyo, wasomaji wanaohesabu elimu ya gorila kuanzia kwa Schaller wanaruka hatua moja, na hatua hiyo ilipigwa na wanawake wawili.

Kabara na Karisoke, 1967–1985

Mnamo Januari 1967 Dian Fossey, aliyekuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu katika hospitali moja ya Louisville, Marekani, alipiga hema Kabara. Yeye pia alitumwa na Leakey. Kwa maelezo ya Fossey mwenyewe, aliyemfundisha kusoma nyayo na mabua yaliyovunjika alikuwa Sanwekwe, Mkongo mlinzi wa mbuga, ambaye utotoni alifanya kazi na Carl Akeley na baadaye na Schaller. Mnamo Julai mwaka huo, kutokana na machafuko ya vita, askari walimteremsha hadi Rumangabo. Alitoroka na kuingia Uganda, akafikia Kisoro, katika hoteli ile ile ya Baumgärtel. Tarehe 24 Septemba 1967 alianzisha kituo cha Karisoke nchini Rwanda.

Fossey aliwazoesha gorila kumwona mtu kwa kuiga sauti zao na kutafuna majani mbele yao, na alimtambua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake. Kwa njia hiyo iliwezekana kufuata maisha ya ukoo mmoja kwa miaka mingi. Wenyeji walimpa jina la Nyiramachabelli, lililofasiriwa kuwa mwanamke aishiye peke yake mlimani. Mwanaisimu atatambua hapa kiambishi nyira-, kinachotumika katika majina ya wanawake na kilichomo pia katika jina la Nyiragongo. Hata hivyo, Fossey alilaumiwa kwa ukali wake dhidi ya wawindaji na wachungaji. Aliuawa Karisoke mnamo Desemba 1985.

Bwindi, 1996

Mwaka 1996 Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda aliyesomea udaktari wa mifugo London, akawa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mbuga za nchi yake. Mwaka huo huo aliwatibu gorila wa Bwindi waliopatwa na upele, uliohusishwa na nguo za binadamu. Alihitimisha kwamba gorila hawawezi kuwa wazima ikiwa jirani zao ni wagonjwa. Mwaka 2003 alianzisha shirika linalohudumia afya ya pande zote mbili.

Hitimisho

Schaller alikadiria gorila wa Virunga kuwa 450 hivi. Mwaka 1981 walisalia 250 hivi. Hesabu ya 2015–2016 ilipata 604. Ongezeko hilo ni tunda la mikono mingi. Mwanzilishi basi si yule tu ambaye jina lake limo juu ya jalada. Osborn na Donisthorpe ni waanzilishi, na Sanwekwe naye alikuwa mwalimu wa sayansi hii. Wasoma nyayo wana msamiati wao wa alama, majani na sauti. Kuukusanya na kuuhifadhi ni kazi inayowafaa wanafunzi wa isimu wa Kivu, wa kike kwa wa kiume.