Kofia ya Jino: Uliza Kabla ya Kuchongwa

Safari hii tuzungumzie meno. Mama mmoja alifika kwenye chumba chetu cha meno akiwa na kitu alichokifunga ndani ya leso. Alipoifungua tukaona kofia ya jino, nyeupe kwa nje na metali kwa ndani, nzima kabisa. Jino lililokuwa chini yake ndilo lililooza. "Sista, si niliambiwa hili haliozi?" akauliza.

Ni kweli, kofia haiozi. Lakini jino lililofunikwa hubaki kuwa jino, na pale kofia inapokutana na ufizi ndipo uchafu hujificha.

Kofia ya namna hii ina tabaka mbili. Ndani ni metali nyembamba inayolishika jino. Juu yake huchomwa kauri, ndugu ya ile ya vikombe vya chai, katika tanuri lenye joto la nyuzi 900 hivi. Ikitunzwa vizuri huweza kudumu miaka 10 na zaidi. Siku hizi zipo pia za kauri tupu, ila mara nyingi bei yake iko juu.

Ili kofia ikae, jino huchongwa pande zote kiasi cha milimita moja na nusu, hata mbili upande wa kutafunia. Kilichochongwa hakirudi. Kwa gego lililotibiwa mzizi hatulalamiki, maana bila kofia lingeweza kupasuka. Daraja ni habari nyingine: ili kuziba pengo la jino moja, majirani wake wawili huchongwa, hata wakiwa wazima. Kama majirani hao tayari wana mashimo makubwa, sawa. Kama ni wazima, sisi tungemshauri ndugu yetu afikirie kwanza jino la plastiki la kuvaa na kuvua. Halipendezi sana, lakini halidai kuchonga jino zima.

Vijana wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambako maji mengi yana floraidi nyingi, huja na meno ya kahawia wakitaka yafunikwe yote kabla ya harusi. Jamani! Mengi ya meno hayo ni imara. Zipo njia za kupunguza rangi hiyo bila kuchonga sana. Ziulizeni hizo kwanza.

Mweleze daktari kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio. Metali za kofia nyingine zina nikeli, na zipo zisizo nayo. Kama unasaga meno usingizini, sema pia, maana kauri humeguka. Kwa gego la nyuma, uliza kama upande wa kutafunia unaweza kuachwa metali tupu. Kwa jino la mbele, ujue kwamba ufizi ukirudi nyuma, mstari mweusi huweza kuonekana.

Chini ya daraja mswaki haufiki vizuri. Mwombe daktari akuonyeshe namna ya kupitisha uzi wa meno hapo, nawe ufanye hivyo kila siku.

Yule mama alikuwa ameibandika kofia yake kwa gundi ya viatu mara mbili kabla ya kuja kwetu. Jino lilikuwa limetibiwa mzizi zamani, halina mshipa wa kuuma, kwa hiyo liliendelea kuoza kimya kimya. Kofia ikitoka, ioshe, ifunge kwenye kitambaa safi, uje nayo wiki hiyo hiyo. Lake tulilazimika kuling'oa.