Nani Alijibu Risasi?

Kila mhariri wa habari za uhalifu analo neno hili karibu na kalamu: majibizano ya risasi. Wengine huandika kurushiana risasi, na wapo wanaopenda ufyatulianaji, neno linalomchosha msomaji kabla risasi ya kwanza haijatoka. Risasi yenyewe tuliipata kwenye Kiarabu; ni madini yale yale mazito yaliyomo kwenye betri ya gari.

Hayo ni ya kamusi. Kazi iko kwenye kiambishi. Chukua kitenzi rusha. Ukisema rushia, umeshampata anayelengwa. Ukipachika -an-, kikawa rushiana, aliyelengwa naye anarusha. Herufi mbili tu, na tayari umetoa ushahidi kwamba pande zote mbili zilikuwa na silaha na zote zilifyatua. Majibizano yana zaidi ya hapo. Ni neno la watu wanaobishana, na penye jibu lazima pawe na aliyeanza. Msomaji haambiwi ni nani, lakini polisi wakitajwa upande mmoja na "majambazi" upande wa pili, mwenyewe anajaza.

Kujaza huko kuna gharama. Januari 2006, Dar es Salaam, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa. Polisi walisema hao ni majambazi waliokufa katika kurushiana risasi na askari, Sinza. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, nayo ikabaini kwamba majibizano hayo hayakuwapo kabisa. Watu wale walikuwa wamekamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande na kupigwa risasi huko. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia polisi wote walioshtakiwa kwa mauaji hayo; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi kwa mauaji. Zaidi ya miaka kumi mahakamani, na chanzo chake ni taarifa iliyobebwa na -an-.

Kiswahili hakijatunyima njia. Walipigwa risasi inasema kilichoonekana: miili na matundu. Walirushiana inasema kilichotokea kabla hatujafika, na mara nyingi anayetusimulia ni mmoja wa waliofyatua. Basi wahariri wenzangu, kama mwandishi wenu hakuwapo, mbele ya neno hilo ongezeni "polisi wamesema". Maneno mawili hayajazi ukurasa.