Mguu Unapokataa Ghafla

Mwaka 1992, Annette Funicello, mwigizaji wa Marekani aliyependwa tangu utotoni kwa vipindi vya Disney vya miaka ya 1950, alitangaza hadharani jambo alilokuwa amelificha kwa miaka kadhaa. Watu walikuwa wakimwona akiyumba anapotembea, na minong'ono ikaenea kwamba amekuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Alikuwa na maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, MS.

Shutuma ya namna hiyo humfika mgonjwa popote alipo. Msichana anayepepesuka kituoni saa nane mchana, mguu mmoja ukiburuta, hana kidonda wala bandeji ya kumtetea. Basi hujifunza kuficha. Hushika ukuta kana kwamba anaegemea tu, huacha kwenda harusini, na akianguka bafuni hamwambii mtu. Kuficha huko humgharimu sana, kwa sababu mara nyingi anguko la mgonjwa wa MS lina chanzo kinachoweza kutafutwa na kushughulikiwa.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mailini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Utando ukiharibika, amri inayotoka ubongoni kwenda mguuni huchelewa, hukatikakatika au haifiki kabisa. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa, aliufafanua ugonjwa huu mwaka 1868. Leo unakadiriwa kuwapata zaidi ya watu milioni 2.8 duniani, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40. Karibu na ikweta ni nadra zaidi, na hilo ni sababu moja ya majirani kutoujua kabisa.

Kuanguka si jambo la wachache. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumuisha wagonjwa 537 wa Australia, Sweden, Uingereza na Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 56 walianguka angalau mara moja ndani ya miezi mitatu.

Mguu ukilegea ghafla, swali la kwanza la kujiuliza ni kama mwili umepata joto. Mwaka 1890, daktari wa macho Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliona kwamba wagonjwa wake wa MS walipungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kufanya mazoezi. Sasa inajulikana kwamba hata nusu ya nyuzijoto moja ikiongezeka mwilini inatosha kuzuia ujumbe kupita kwenye neva iliyopoteza mailini. Kabla ya kipimo cha MRI kupatikana, madaktari waliwahi kuwaingiza wagonjwa kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza! Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, hili ni jambo la kila siku. Udhaifu wa aina hii hutisha, lakini haumaanishi kwamba neva zimeumia upya. Mwili ukipoa, nguvu hurudi. Maji baridi ya kunywa, kitambaa kilicholowa shingoni na shughuli nzito kufanywa alfajiri husaidia kweli.

Homa hufanya kazi ileile ya jua. Maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo wengi huyaita UTI, yanaweza kumlegeza mtu miguu yote kabla hajahisi maumivu yoyote. Ndiyo maana daktari makini hupima mkojo kabla ya kuandika steroidi, dawa zinazotumika kutibu shambulio la MS.

Swali la pili ni muda. Udhaifu mpya unaodumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi, huenda ni shambulio jipya la ugonjwa, na mgonjwa anapaswa kumwona daktari upesi. Steroidi za kiwango kikubwa kwa siku tatu hadi tano hufupisha shambulio. Lakini mdomo ukipinda, mkono mmoja ukishindwa kuinuka au ulimi ukiwa mzito ghafla, asisubiri kuhesabu saa. MS haimkingi mtu na kiharusi, na hapo ni kukimbilia hospitali.

Maanguko mengi hutokea nyumbani, tena katika mambo madogo: kugeuka, kuinuka kitini, kuvuka kizingiti. Unyayo usioinuka vizuri hukwama kwenye ukingo wa zulia, na ndala huongeza hatari kwa sababu hazishiki kisigino. Kifaa chepesi cha plastiki kinachovaliwa kifundoni huuinua unyayo, na fundi wa viungo bandia anaweza kukitengeneza kwa kipimo cha mguu wenyewe. Kibofu nacho kina sehemu yake. MS humfanya mtu abanwe na mkojo ghafla, akimbilie chooni usiku gizani, ateleze. Kutibu kibofu, basi, ni kuzuia kuanguka. Kutembea huku akizungumza na simu pia ni hatari, kwa sababu ubongo uliozoea kutembea bila kufikiri sasa unahitaji umakini kwa kila hatua.

Baada ya kuanguka, wengi huacha kutembea kwa woga, misuli ikapungua, na anguko linalofuata likakaribia. Zamani hata madaktari waliwakataza wagonjwa mazoezi. Mwaka 1996, watafiti wa Utah, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi kwa wiki 15 waliongeza nguvu na stamina. Tangu hapo ushauri umegeuka, na mtaalamu wa fiziotherapia sasa huwafundisha pia namna ya kuinuka.

Aliyeanguka atulie kwanza, ajikague. Kama hakuna maumivu makali wala jeraha la kichwa, ajigeuze ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu yake, autangulize mguu wenye nguvu zaidi, kisha ajisukume na kugeuka kukaa. Ndugu wasimvute kwa mikono, maana bega linaweza kuteguka. Wamsogezee kiti, wamsubiri apumue, na baadaye waandike saa, mahali na alichokuwa akifanya, ili daktari apate pa kuanzia.