Vijana Waliosimama Namugongo

Wanangu, habari hii si ngano. Ilitokea Buganda, kaskazini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1886, na waliohusika walikuwa vijana kama ninyi. Mmoja aliitwa Kizito, mwenye miaka ipatayo 14. Mwingine, Mbaga Tuzinde, alikuwa na miaka 17 hivi. Nawasimulia ili mwone kijana anasimamaje katika imani pale kila kitu kinapomvuta aiache.

Habari za Kristo ziliingia ikulu ya Mutesa, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, kwa Kiswahili. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alipoondoka Buganda, alimwacha huko kijana aliyeitwa Dallington, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, awe anamsomea Kabaka Maandiko. Mwaka 1877 walifika wamisionari wa Kianglikana, na mwaka 1879 wakaja Wakatoliki. Vijana waliotumika ikulu wakawaendea kujifunza kusoma na kusali.

Mutesa akafariki mwaka 1884, na Mwanga, mwanawe, akatawala akiwa hajafika hata miaka 20. Mwanga alikuwa na hofu. Alisikia kwamba Wazungu wanatwaa nchi za pwani, akaona nyumbani mwake vijana wanaomtii Mfalme mwingine kuliko yeye. Tena aliwataka baadhi yao watende naye mambo machafu, nao wakakataa. Mwezi Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Novemba mwaka huohuo akauawa Yosefu Mukasa, kiongozi wa vijana wa ikulu, kwa sababu alithubutu kumkemea Kabaka kwa kuuawa kwa askofu wa Kianglikana James Hannington, na kwa sababu aliwakinga wadogo.

Aliyeshika nafasi yake ni Karoli Lwanga, kijana wa miaka 25 hivi, hodari wa mieleka. Lwanga aliwafundisha wenzake dini usiku. Kabaka alipowahitaji wadogo kwa ubaya, Lwanga aliwaondoa machoni pake. Liwekeni hilo moyoni. Kukimbia uovu si woga. Mtu mzima akikutaka utende jambo la aibu, ondoka hapo upesi, ukamwambie mkubwa unayemwamini. Kufanya hivyo nako ni kusimama imara.

Mei 25, 1886, Kabaka alirudi kutoka mawindoni amekasirika. Akagundua kwamba kijana Dionisi Sebuggwawo amekuwa akimfundisha mwenzake dini, akamchoma Dionisi mkuki. Milango ya ikulu ikafungwa. Usiku huo Lwanga akawabatiza wale ambao walikuwa bado wakisubiri, wakiwamo Kizito na Mbaga. Kizito alikuwa ameomba ubatizo kwa muda mrefu.

Kulipokucha wakaitwa mbele ya Kabaka, naye akaamuru wote wanaosali wajitenge wasimame upande mmoja. Lwanga akatangulia, amemshika Kizito mkono, na wengine wakawafuata. Walipoulizwa kama wanakusudia kuendelea kuwa Wakristo, wakajibu kwamba ndivyo, hata kufa. Wakahukumiwa kuchomwa moto Namugongo.

Je, mnadhani Kizito aliupata ujasiri ule asubuhi ile? Sivyo. Hakuna ajifunzaye kuogelea siku mtumbwi unapopinduka. Ujasiri wa Kizito ulianza katika masomo ya usiku, katika sala alizozirudia siku ambazo hakuna aliyemtisha, na katika kila amri mbaya aliyoikataa. Wala hakusimama peke yake. Alikuwa na kaka wa kumshika mkono, na kaka huyo naye alikuwa na Mungu aliyemtegemea.

Sasa njooni kwa Mbaga, maana jaribu lake ndilo mtakalokutana nalo ninyi. Mkuu wa wanyongaji wa Kabaka aliitwa Mukajanga, naye alikuwa mzee wa Mbaga, aliyemlea kama mwana. Huyu hakumtisha Mbaga. Alimbembeleza. Alimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali, naye angemficha na kumwokoa. Ndugu zake nao wakamlilia siku baada ya siku, hadi siku ile ya mwisho. Mbaga hakuwatukana, wala hakuwachukia. Alikataa tu. Tarehe 3 Juni, Mukajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza, afe kabla moto haujamfikia. Wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walifungwa katika mikeka ya matete wakachomwa pamoja, huku wakisali.

Wanangu, adui wa roho zetu ana sauti mbili. Moja inanguruma, na hiyo ni rahisi kuitambua. Nyingine ni laini, hutoka kwa mtu anayekupenda, nayo husema: mara moja tu, nani atajua? Rafiki atakupa majibu ya mtihani yaliyoibwa. Mjomba atakuletea hirizi uifunge kiunoni ili ufaulu. Msiwajibu kwa dharau. Semeni, "Asante mjomba kwa kunijali, lakini mimi namwomba Mungu na kusoma. Naomba uniombee." Heshima na msimamo vinakaa nyumba moja.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakristo wa Efeso kwamba vita vyetu si dhidi ya wanadamu wenzetu. Aliwaambia wajivike kweli, haki, imani na Neno la Mungu, na wasiache kusali. Kwa hiyo anayekupinga si adui wa kumchukia. Huenda naye amefungwa, anahitaji kuombewa.

Angalieni Mwanga mwenyewe. Waingereza walimwondoa madarakani, wakampeleka uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Huko ugenini, yule aliyewaua wasomaji wa Maandiko alibatizwa, akapewa jina la Danieli. Alifariki mwaka 1903 akiwa Mkristo. Angewezaje mtu yeyote aliyesimama Namugongo siku ile kulitazamia hilo? Lakini kwa Mungu, hata aliyewasha moto alikuwa na nafasi ya kutubu.

Nalo Kanisa halikuzimika. Wakristo wa Buganda waliongezeka. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu, akawakumbuka na Waanglikana waliokufa kwa imani hiyohiyo. Hadi leo, kila tarehe 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo, na wengine hutembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania.

Pengine ninyi hamtaitwa kufa kwa ajili ya Kristo. Mtaitwa kuishi kwa ajili yake, na hilo linataka mazoezi. Basi anzeni leo. Salini kabla ya kulala, hata mkiwa mmechoka. Someni Neno kidogo kila siku. Tafuta rafiki mmoja wa kusali naye, mwambiane ukweli. Na akiwapo mdogo wako anayeogopa, mshike mkono, utangulie wewe.