GARI LIMEKUFA, DENI LIKO HAI



Zamani mfanyakazi alikopa unga, mafuta ya taa na kitambaa. Siku hizi anakopa gari. Mshahara wa kiwandani au wa shambani hautoshi, kwa hiyo wenzetu wawili watatu hujiunga, wakachukua gari la mtumba kwa mkopo ili libebe abiria na magunia ya korosho, lilipe deni lake lenyewe, na mwisho libaki kuwa mali yao. Fikra hiyo si mbaya hata kidogo. Ubaya ni kwamba gari lina sehemu moja ambayo ikivunjika hula mapato ya miezi mingi kwa mkupuo, nayo ni giaboksi. Siku giaboksi inapokufa, mapato husimama. Tarehe ya kulipa haisimami.

Hapa Nhica do Rovuma tunalijua jambo hili kuliko watu wa mijini. Barabara yetu ya kutoka Palma kwenda Pundanhar na Nangade haina lami. Kiangazi ni mchanga, masika ni tope. Na magari tunayonunua mengi ni yale yaliyokwisha tumika Japani, ambako mwenye gari hulazimika kulipeleka kwenye ukaguzi wa serikali kila baada ya miaka miwili, na gharama zikizidi huliuza. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara kama wao, na Tanzania hali kadhalika, kwa hiyo usukani wa kulia unatufaa na gari linakuja kwetu. Noah, kwa mfano, ilitengenezwa ichukue baba, mama na watoto kwenye lami. Sisi tunaipakia watu kumi na mbili na mbuzi, tukaipitisha mchangani.

Isitoshe, wako waliokopa magari kwa kutegemea kazi za gesi kule Afungi. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, watu wakakimbia, na Aprili mwaka huo huo kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi. Magari yakakosa kazi, madeni yakaendelea kudai.

Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika walifanya kazi kwa kipande. Kadi ilikuwa na siku 30, na hukupewa mshahara mpaka zote zijazwe. Ulikuwa unyonyaji, hakuna ubishi. Lakini angalau kipande kilikungoja ukiugua. Mkopo wa gari haumngoji mtu.

Sasa nieleze yaliyompata mwenzetu mmoja wa wilaya hii. Jina lake silitaji, na tarakimu nimezifanya kamili ili hesabu ieleweke. Alikopa meticais 300,000, akanunua gari la otomatiki ambalo saa yake ya kilomita ilisoma 240,000. Alitakiwa kulipa 20,000 kila mwezi kwa miezi 24. Alilipa miezi kumi bila kukosa. Mwezi wa kumi na moja gari likaanza kuchelewa kushika gia: anaweka D, injini inalia, gari haliendi, kisha linaruka mbele kwa kishindo. Aliendelea kubeba abiria kwa sababu tarehe ilikuwa karibu. Baada ya siku nane likagoma kabisa njiani. Likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, magurudumu yote chini.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema giaboksi imekufa, iletwe nyingine. Giaboksi ya mtumba pamoja na usafiri na ufundi ikafika 90,000. Mwenzetu hakuwa nazo, akaenda kwa mkopeshaji wa pili. Gari likatembea wiki tatu tu, likafa tena kwa ugonjwa ule ule.

Fundi wa pili ndiye aliyechomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cheupe chenye wekundu kwa mbali, kama chai ya maziwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana. Katika magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa ndani ya rejeta. Bomba la ndani likitoboka, maji huingia kwenye oili, na maji huharibu zile sahani nyembamba za klachi zilizomo ndani ya giaboksi. Rejeta ilikuwa imetoboka tangu mwanzo. Giaboksi ya pili ilifungwa kwenye rejeta ile ile, na hivyo ikaletewa kifo chake tayari.

Kosa hili linagharimu wafanyakazi pesa nyingi mno, na ndiyo maana nalisimulia kwa urefu. Fundi akikuambia giaboksi imekufa, mwulize imeuawa na nini. Kama hajui, hujafika wakati wa kutoa pesa.

Oili ya giaboksi ya otomatiki ndiyo damu yake. Ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza. Ikiwa nzima huwa nyekundu. Ikiwa ya kahawia au nyeusi na inanuka kuungua, imepikwa na joto. Ikiwa kama maziwa, tazama rejeta. Fundi afungue sampu mbele yako. Humo mna sumaku ndogo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida, bali vipande vya chuma au magamba meusi ni dalili ya maradhi makubwa. Vile vile si kila gari lisiloshika gia lina giaboksi mbovu. Huenda oili imepungua tu. Huenda waya umekatika, au kebo ya gia imelegea, au ekseli imechomoka. Kwenye Toyota nyingi za otomatiki, taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima mfululizo bila wewe kugusa kitu, gari lenyewe linakuambia kuna hitilafu iliyoandikwa ndani, nayo husomwa kwa chombo. Kwa gari la gia za mkono nimeona watu wakishusha giaboksi nzima ilhali kilichokwisha ni sahani ya klachi.

Na kuvuta kwa kamba! Pampu ya oili ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yanazunguka chini, giaboksi inasagika kavu. Yainuliwe yale magurudumu, au gari lipakiwe juu ya lori. Hili madereva wetu wengi hawajafundishwa, wala hakuna aliyewahi kuja huku kuwafundisha.

Mchangani ndiko joto linakozaliwa. Magurudumu yanateleza, gari haliendi, oili inakorogwa bure mpaka inaungua. Dereva anayejua hupunguza upepo wa tairi, huweka gia ya chini badala ya kuiacha D, na akikwama husimama, akaweka N, akaacha injini ingurume polepole mpaka joto lipungue. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike.

Ukilazimika kununua giaboksi ya mtumba, iwe Mtwara au Gerezani kule Dar es Salaam, nenda na namba. Magari ya Toyota yana kibati kilichoandikwa aina ya giaboksi. Giaboksi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisikubaliane kwa waya. Oili iwe ya aina iliyotajwa na kiwanda, kwa maana ziko giaboksi mpya mpya za mkanda ambazo oili ya kawaida huziua. Na muda wa kujaribu uandikwe kwenye risiti, usiwe wa mdomo.

Tuje kwenye karatasi, kwani huko ndiko mwenzetu alikoumia zaidi.

Aliambiwa riba ni asilimia 2.5 kwa mwezi, akaona ni ndogo. Lakini ilihesabiwa juu ya 300,000 zote kwa miezi yote 24, hata zile alizokwisha rudisha. Riba ikawa 180,000, jumla 480,000. Kama asilimia 2.5 ile ile ingehesabiwa juu ya deni linalobaki tu, angelipa kiasi cha 16,800 kwa mwezi, na riba yote ingekuwa kama 103,000. Tofauti ni 77,000 hivi, karibu bei ya giaboksi. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkopeshaji si "riba ni ngapi" peke yake. Mwulize inahesabiwa juu ya nini, kisha mwambie aandike jumla ya mwisho.

Alipokosa fungu moja, lile ambalo huku tunaliita prestação, akaletewa barua ya kudaiwa deni lote kwa mara moja. Alidhani ni dhuluma. Kumbe sheria ya Msumbiji, Código Civil ya mwaka 1966 tuliyoirithi kwa Mreno na ambayo bado inatumika, inatofautisha mambo mawili. Kifungu cha 781 kinasema deni linalolipwa kwa mafungu, fungu moja likikosekana, yote yanaweza kudaiwa. Lakini kifungu cha 934 kinamlinda aliyeuziwa kitu kwa mafungu na kukabidhiwa: kukosa fungu moja lisilozidi sehemu ya nane ya bei hakumpi muuzaji haki ya kuvunja mauzo wala kudai yote, hata kama mkataba umeandika vingine. Bei ikiwa 480,000, sehemu ya nane ni 60,000, na fungu la 20,000 liko chini yake. Ukikosa mafungu mawili, kinga hiyo haipo tena. Wenzetu wa Kenya nao wana sheria yao ya ununuzi wa aina hii, sura ya 507: aliyekwisha lipa theluthi mbili ya bei hanyang'anywi gari bila kesi mahakamani.

Kwa hiyo kuuziwa gari kwa mafungu na kukopeshwa fedha za kununulia gari ni mambo mawili tofauti, ingawa gari ni lile lile na uchungu ni ule ule. Mwenzetu alikuwa amekopeshwa fedha. Hakujua, kwa sababu mkataba ulikuwa wa Kireno kurasa saba, na alipewa muda wa kunywa soda moja.

Liko pia jambo la muuzaji. Kifungu cha 916 kinampa mnunuzi wa kitu kibovu siku 30 tangu agundue ubovu, na ndani ya miezi sita tangu akabidhiwe, kumwarifu muuzaji. Kama muuzaji alidanganya kwa makusudi, kwa mfano kwa kurudisha nyuma saa ya kilomita, muda huo haumkingi. Arifu kwa maandishi, baki na nakala. Bima isikupe matumaini: ile ya lazima hulipa madhara ya watu wengine barabarani, haihusiki na giaboksi iliyochakaa.

Sasa hesabu ya mwenzetu siku ile gari liliposimama. Deni lililobaki lilikuwa mafungu 14, yaani 280,000. Gari zima lilimwingizia 25,000 kwa mwezi baada ya mafuta na dereva. Mkopo wa pili wa 90,000 ulikuwa wa miezi kumi kwa asilimia tano kila mwezi juu ya fedha zote, jumla 135,000, yaani 13,500 kwa mwezi. Jumlisha na 20,000 za awali: 33,500. Gari likitembea kila siku bila kuharibika, bado anapungukiwa 8,500 kila mwezi, na hizo zinatoka kwenye mshahara na kwenye sufuria ya watoto. Hapo rejeta bado haijahesabiwa.

Angeuza gari likiwa bovu, tuseme kwa 110,000, angebaki na deni la 170,000 bila gari. Angelitengeneza kisha akaliuza kwa 220,000, baada ya kutoa gharama angebaki na deni la 150,000. Na kuuza kokote kunahitaji ridhaa ya mkopeshaji kama jina lake liko kwenye hati ya umiliki. Kulitengeneza na kuendelea kulitumia ndiyo ilikuwa njia nafuu, ila kwa sharti kwamba fedha za matengenezo zisiwe za mkopo ghali, na ugonjwa uwe umejulikana. Yote mawili hayakutimizwa. Fedha za matengenezo zingepatikana kwa kutenga kidogo kila safari tangu siku ya kwanza, zikawekwa mikononi mwa mtu asiye dereva wala mwenye gari. Vikundi vichache vinafanya hivyo, na mimi nawaona kuwa ndio wenye gari kweli.

Kamati ilikwenda naye kwa mkopeshaji wa kwanza. Tulichelewa, kwa maana fungu lilikuwa limekwisha kosekana, na mkopeshaji huwa mpole zaidi kabla ya tarehe kuliko baada yake. Hata hivyo alikubali miezi mitatu ya kulipa riba peke yake na muda wa deni kurefushwa, kwa sababu gari bovu uani kwake lingemfaa nini? Tuliomba pia mafungu yawe makubwa Oktoba mpaka Januari, msimu wa korosho, na madogo wakati wa mvua. Hilo alilikataa. Tutaliomba tena. Rejeta imebadilishwa, na giaboksi ya tatu inatafutwa, safari hii kwa fedha taslimu.

Mwenye mkataba wa gari, pikipiki au trekta aulete kwa kamati ya tawi lake kabla ya kutia sahihi, pamoja na livrete au kadi ya gari na karatasi yenye jumla ya mwisho ya deni. Aliyekwisha tia sahihi aulete pia, na risiti zake zote.