Mbu wa pipani

Jumamosi iliyopita nilifunua pipa la maji nyuma ya nyumba yangu, nikakuta viluwiluwi wamejaa. Mzee mmoja, jirani yangu, alikuwa amesimama hapo. Akacheka. "Mwanangu, hao mbu wa mjini tu. Mbu wa malaria yuko shamba, kwenye madimbwi." Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, na ilikuwa na ukweli ndani yake. Leo nataka kueleza kwa nini ukweli huo umeanza kuchakaa.

Kwanza tuelewane kwamba mbu si mmoja. Duniani wako aina zaidi ya 3,000. Yule anayetupigia zumari masikioni usiku hapa mjini mara nyingi ni kuleksi, anayezaliana katika mashimo ya vyoo na mifereji michafu. Huyo anaweza kukuletea matende, lakini si malaria. Malaria ya binadamu huenezwa na anofelesi jike, ambaye akitua ukutani huinua mkia juu. Na hata anofelesi, ambao ni zaidi ya aina 400, wenye kutudhuru sana ni kama 40 tu.

Hapa Afrika tuna watatu wenye sifa mbaya. Gambiae hupenda vidimbwi vya mvua vinavyopigwa na jua, hata alama ya kwato za ng'ombe inamtosha. Funestus hupenda maji ya kudumu yenye majani. Hawa wawili kwa kawaida hutuuma ndani ya nyumba, usiku tumelala. Wa tatu, arabiensis, huuma watu na ng'ombe pia, na yuko tayari kutuuma nje tukiwa bado barazani. Ndiyo maana chandarua peke yake hakimwezi kama kinavyowaweza wenzake.

Kwa kawaida watatu hawa hawana haja na matangi yetu, na maji machafu ya mjini hayawafai sana. Kwa hiyo mjini tulipata nafuu kuliko shamba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ametujia mgeni asiyeponya. Jina lake ni stephensi, naye ni anofelesi. Kwao ni Asia: India, Pakistani, Irani, hadi Bara Arabu. Huyu ni mbu wa mjini hasa. Huzaliana katika mapipa, matangi na visima vya ujenzi. Hahitaji kungoja masika, maana sisi wenyewe tunamwekea maji mwaka mzima. Tena ameonyesha usugu kwa baadhi ya dawa za kuua wadudu.

Alionekana Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliandikisha wagonjwa wa malaria 27 tu. Mwaka 2020 waliandikishwa zaidi ya 73,000. Ethiopia alionekana mwaka 2016, na mapema mwaka 2022 mji wa Dire Dawa ulipata mlipuko wa malaria katika kiangazi. Wachunguzi wakamkuta karibu na nyumba za wagonjwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo akanaswa Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Ndugu wasikilizaji, hatuweki maji mapipani kwa starehe. Tunaweka kwa sababu bomba hutoka kwa zamu. Basi simwambii mtu amwage maji aliyoyanunua kwa ndoo. Ninachosema ni hiki: funika. Kitambaa kilichofungwa vizuri mdomoni mwa pipa kinatosha. Kila juma chuja maji, sugua kuta za pipa, kwa maana yai huhitaji siku chache tu zaidi ya hizo kuwa mbu kamili.

Na mtazame viluwiluwi. Wa kuleksi huning'inia kichwa chini. Wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Ukiwaona waliolala hivyo pipani mwako, mwite bwana afya.

Wangu walikuwa wananing'inia. Mzee wangu alisema kweli, hawakuwa wa malaria. Hata hivyo nikayachuja maji, nikawamwaga mchangani, nikafunga kitambaa. Pipa linalomlea yule litamlea na huyu.